Madalali wa Shahada

Mwaka 1960 Umoja wa Kisovieti ulifungua mjini Moscow chuo kikuu cha vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Mwaka 1961 chuo hicho kikapewa jina la Patrice Lumumba, shujaa aliyeuawa huko Katanga na vibaraka wa ubeberu. Umoja huo ulipokwisha kusambaratika, mwaka 1992, jina likafutwa. Mwaka 2023 likarudishwa, na wapo waliopiga makofi. Lakini jina ni kibao cha mlangoni tu. La kuulizwa ni nani anayempeleka kijana wa Kitanzania hadi kwenye mlango huo, na kwa masharti gani.

Zamani kijana aliteuliwa, akagharimiwa, akafundishwa Kirusi kwanza kabla ya masomo yenyewe, kisha akarejea kulitumikia Taifa. Mpango ule haukuwa mtakatifu. Wapo waliopendelewa, na wapo waliorudi na vyeti vilivyobezwa na maofisa wenye kasumba ya Kiingereza. Hata hivyo kijana yule alikuwa na nchi nyuma ya mgongo wake.

Leo elimu ya huko ni biashara. Rais Putin mwenyewe alieleza Julai 2023 kwamba Waafrika wanaosoma Urusi ni karibu 35,000, na kwamba wanaopata ufadhili wa serikali yake ni zaidi kidogo ya 6,000. Waliobaki wanagharimiwa na wazazi au na nchi zao. Hapo ndipo dalali anapopata mlo wake.

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, iko katika ukanda wa dhahabu, ambako fedha huja ghafla na kuondoka ghafla. Mchimbaji mdogo aliyebahatika, au mfugaji aliye tayari kuuza ng'ombe, hahitaji kuhubiriwa thamani ya elimu; anachokosa ni mtu wa kumsomea mkataba. Humwendea mwalimu. Humwendea ofisa wa wilaya. Na msomi huyo, badala ya kusoma, humjibu kwamba Ulaya ni Ulaya!

Ulaya hiyo ndiyo iliyolipuka tarehe 24 Februari 2022, wanafunzi wa Kitanzania wakaikimbia Ukraine kuokoa roho zao. Mwaka huo huo, Oktoba, Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma shahada ya uzamili aliuawa vitani Ukraine. Alikuwa amefungwa gerezani, akaahidiwa fedha na msamaha endapo angejiunga na mamluki wa Wagner. Mwaka 2024 ikafichuka kwamba wasichana wa Afrika, wakiwamo wa Uganda, walioitwa Alabuga, huko Tatarstan, kwa ahadi ya kazi na mafunzo, walijikuta wakiunda ndege za kivita zisizo na rubani. Aprili mwaka huo bweni la huko lilishambuliwa.

Wapo wanaodai kwamba kijana ni mtu mzima na soko ni huria, ajichagulie. Hayo ni maneno ya walanguzi. Huru gani asiyejua lugha ya mkataba alioutia saini? Wala vyuo vya Urusi na Ukraine havilaumiwi hapa. Vimetupatia madaktari na wahandisi hodari. Anayelaumiwa ni dalali, pamoja na mtumishi wa umma anayemfungulia mlango.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania husajili mawakala, hutoa hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na huzitambua shahada za kigeni au kuzikataa. Mwalimu anayemwachia mzazi agundue hayo baada ya ng'ombe kuuzwa amekula njama na dalali, hata kama hakupokea senti. Orodha ya mawakala waliosajiliwa inaweza kubandikwa katika kila shule ya sekondari ya Nyang'hwale kabla ya matokeo ya kidato cha sita. Gharama yake ni karatasi na gundi.