Tununuapo mafuta, tumenunua na kopo lake

NJIA PANDA ya Mogitu, wilayani Hanang, ndipo barabara iendayo Basotu na Haydom inapoachana na ile kuu itokayo Babati kuelekea Katesh na Singida. Bidhaa nyingi za madukani ziendazo katika vijiji vya Hanang na Mbulu hupita hapo, na miongoni mwake ni vipodozi: mafuta ya kujipaka, losheni, mafuta ya nywele, poda na manukato. Gari lililoleta bidhaa hizo hurejea na mahindi, maharage au mifugo. Makopo hayarejei. Kila kopo lipitalo hapo huenda kumalizia umri wake kijijini, na umri wa plastiki ni mrefu kuliko wa aliyeinunua.

Ndugu msomaji, dini yetu haikukataza kujipamba. Usafi wa mwili, mafuta ya nywele na manukato kwa mwanamume aendaye swala ya Ijumaa ni mambo yanayopendeza na yenye mafunzo yake. Kilichokatazwa ni israfu, na kumwachia mwenzako udhia njiani. Kwa hiyo hatuna ugomvi na mafuta. Tunazungumzia chombo chake, ambacho aghalabu hatukihesabu kuwa sehemu ya manunuzi yetu.

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na mabadiliko yake yalionekana hata katika magulio ya vijijini. Lakini katazo lile lilihusu mfuko wa kubebea tu. Kopo la mafuta na chupa ya losheni havikuguswa. Mama anayetoka dukani leo hubeba kikapu chake kama alivyotakiwa, na ndani ya kikapu hicho mna plastiki nzito kuliko mfuko aliouacha.

Vyombo vya vipodozi vina taabu yake ya pekee. Chupa huwa ya plastiki ya aina moja, kifuniko cha aina nyingine, na pampu yake ina springi ya chuma ndani. Vingi ni vidogo, na mafuta hubaki yamegandamana kutani. Mnunuzi wa plastiki chakavu mjini hupenda chupa kubwa, safi na za aina moja. Hawezi kufunga safari hadi Hanang kufuata vikopo vya gramu hamsini. Ndiyo maana kijijini hubaki njia tatu: shimo, moto au korongo. Shimo hujaa. Moto hutoa moshi wenye sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto waliotumwa kuchoma taka. Korongo nalo husubiri mvua, kisha huyasukuma makopo hadi mashambani na malishoni, mahali ambapo mifugo ndiyo akiba ya familia.

Huko duniani watengenezaji wameanza kubadilika, ama kwa hiari ama kwa kulazimishwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kuwa na nguvu mwezi Februari 2025 inataka kila kifungashio kiingiacho sokoni kiwe cha kurejelezwa ifikapo mwaka 2030. Kwa jirani zetu, Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemtwika mzalishaji wajibu juu ya chombo hata baada ya kukiuza. Kampuni kadhaa zinauza vijazio vya kujazia chupa ya zamani, na nyingine zimegeuza shampuu kuwa kipande kikavu kisichohitaji chupa kabisa.

Lakini tusidanganywe na kila lebo ya kijani. Zipo plastiki zinazosifiwa kuwa huoza, ilhali baadhi yake huhitaji mitambo maalumu yenye joto la nyuzi zaidi ya hamsini. Zikitupwa kwenye korongo la Hanang, hukaa kama plastiki nyingine.

Tena, mengi yanayoitwa mapya huko sisi tunayafahamu. Kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa dukani hakina chupa. Mafuta ya kula ya kupima humtaka mnunuzi aje na chombo chake, na wauzaji wa manukato nao huyapima kutoka chupa kubwa. Soda ya chupa ya kioo imefika mbali kabisa vijijini, na chupa tupu ikarudi kiwandani ndani ya kreti, kwa kuwa mwenye duka aliweka dhamana na hakutaka kuipoteza. Hapakuhitajika hotuba, ilitosha chupa kuwa na thamani. Ikiwa chupa ya soda iliweza kwenda na kurudi, ni kwa hoja gani chupa ya losheni ishindwe?

Atasema msemaji kwamba familia hununua kikopo kidogo kwa sababu fedha iliyopo ni ndogo. Ni kweli, wala hatumlaumu. Ndiyo sababu ya kupendelea kupima: mwenye fedha kidogo hupata kidogo bila kulipia kopo jipya kila mara. Mwingine atasema kwamba kujaza upya hufungua mlango kwa wanaotia mafuta bandia katika makopo yenye majina makubwa. Hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo ujazaji uwe wa mtengenezaji mwenyewe au wakala wake, kwa pipa lililofungwa na lenye alama, chini ya macho ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya vipodozi.

Tunawaomba watengenezaji na wauzaji wa jumla waweke dhamana juu ya kopo na kulipokea likirudi, kwani gari lirejealo mjini lina nafasi ya magunia ya makopo. Tunaziomba halmashauri zitenge mahali pa kuyakusanya katika vituo kama Mogitu, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi jukumu la taka ngumu. Na sisi wenye familia tuanze na lililo mikononi mwetu: kopo moja kubwa la nyumba nzima badala ya vikopo vitano, sabuni ya kipande pale inapotosha, kopo tupu lioshwe na litumike tena kwa kazi za nyumbani, na mtoto asitumwe kuchoma plastiki.

Uzuri wa mtu usiwe uchafu wa jirani yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutunza amana.