Tahariri: Dosie ya mtoto iko wapi?

Mama akitumiwa faranga elfu kumi na ndugu yake aliye Kindu, ujumbe unaingia kwenye simu yake palepale: kiasi, saa, jina la mtumaji na salio. Simu yenyewe ni ile ndogo ya vibonyezo. Mama huyo huyo akienda polisi kushitaki kwamba binti yake wa miaka saba amebakwa, mara nyingi anarudi nyumbani bila hata kipande cha karatasi. Wiki inayofuata anarudi kuuliza. Anaambiwa dosie imepelekwa parke. Kule parke anaambiwa haijafika. Anarudi tena polisi, anakuta OPJ aliyempokea amehamishwa na aliyebaki hajui lolote. Mwezi wa tatu familia ya mtuhumiwa inaleta mbuzi na pesa kidogo, wazee wanaketi, na mambo yanaishia hapo. Mtuhumiwa anaendelea kupita mbele ya nyumba ya mtoto kila asubuhi.

Wasomaji wetu wa Kivu, Ituri na Maniema hawahitaji kuelezwa zaidi. Tunachosema leo ni kwamba sehemu kubwa ya ubaya huu haitoki kwa kukosa sheria, wala kwa kukosa majuji peke yake. Inatoka kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kujibu swali dogo: dosie ya mtoto huyu iko wapi leo, na ina siku ngapi? Swali hilo, simu ya kawaida inaweza kulijibu.

Sheria tunazo. Ile ya tarehe 20 mwezi wa saba 2006 kuhusu ubakaji inamtaka OPJ amjulishe mwendesha mashtaka ndani ya masaa 24. Inataka uchunguzi wa awali usipite mwezi 1, na hukumu itolewe ndani ya miezi 3 tangu kesi ilipofika kwa wakubwa wa sheria. Inakataza pia kesi ya ubakaji imalizwe kwa faini ya kupatana mbele ya mwendesha mashtaka. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kumlinda mtoto ilianzisha tribinali za watoto, ikasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na kesi za watoto zisikilizwe faraghani. Katiba yenyewe, kifungu cha 18, inasema hakuna mtu wa kukaa kizuizini kwa polisi zaidi ya masaa 48 bila kufikishwa kwa mkubwa wa sheria. Masaa 24, masaa 48, mwezi 1, miezi 3. Nchi yetu imeandika muda kila mahali, halafu haikumpa mtu yeyote saa ya kuhesabia.

Kuna tena jambo ambalo raia wengi hawalijui. Kesi ya mtoto haina mlango mmoja. Mtoto aliyekosea sheria anapelekwa tribinali ya watoto. Mtu mzima aliyembaka mtoto anahukumiwa kwingine, katika tribinali kuu, na kama ni mwanajeshi au mwenye silaha anaweza kufikishwa kwenye mahakama ya kijeshi. Polisi ya kulinda watoto ina rejista yake, parke ina yake, hospitali ina yake, wafanyakazi wa kijamii wana daftari lao. Mtoto ni mmoja, rejista ni nne, na hakuna inayozungumza na nyingine.

Anayetaka kujua gharama ya hali hii akumbuke Kavumu, kule Kabare, karibu na uwanja wa ndege wa Bukavu. Tangu mwaka 2013 hadi 2016, watoto wasichana kwa makumi walinyakuliwa usiku kutoka nyumbani kwao, wakabakwa, wengine wakiwa hawajafikisha hata umri wa kwenda shule. Mwanzoni kila kesi ilishikwa peke yake, kama ajali ya familia moja. Wazazi walishitaki, madaktari wa Panzi waliwapokea watoto na kupiga kelele, lakini kwenye meza za sheria kila mtoto alikuwa karatasi yake. Ni mwaka 2016 tu, kesi ziliposhikwa na waendesha mashtaka wa jeshi na kuunganishwa pamoja, ndipo ilipoonekana wazi kwamba ni kundi moja, kijiji kimoja, namna moja. Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini, iliyohamia Kavumu kusikiliza kesi hiyo, iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, akiwemo mbunge wa jimbo Frederic Batumike. Mwaka uliofuata, mahakama kuu ya kijeshi ilithibitisha hukumu.

Tunaipongeza kazi ile. Lakini tujiulize: kama mwaka 2013 kungekuwa na rejista moja tu, ambamo kila kesi inaandikwa mahali, tarehe, saa, umri wa mtoto na namna alivyochukuliwa, ingechukua muda gani kwa mtu aliyeketi Bukavu kuona kwamba jina la Kavumu linarudi na kurudi? Si lazima awe mpelelezi hodari. Orodha yenyewe ingempigia kelele. Watoto wa mwaka 2014 na 2015 ndio waliolipa kwa rejista ambayo haikuwako.

Kesi ile ile ilifundisha jambo la pili. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya watuhumiwa na kurudia yaliyowapata. Mazungumzo yao na wataalamu yalikuwa yamerekodiwa kwa video, na mahakama ikayatumia. Mtoto wa miaka sita akimweleza jambo hilo mama yake, kisha polisi, kisha daktari, kisha mwendesha mashtaka, kisha juji, mara ya tano maneno yake yamebadilika, na avoka wa upande wa pili anasimama kusema mtoto anadanganya. Mtoto hadanganyi, amechoka. Kurekodi mara moja, mbele ya mtu aliyefundishwa kazi hiyo, kunamlinda yeye na kunalinda ukweli pia.

Wala majuji wetu hawaogopi vyombo hivi kama wengine wanavyodhani. Mwezi wa tisa 2018, katika kesi ya wakubwa wa kundi lenye silaha, mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilipokea picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayohifadhi mahali na saa ya picha ili isibadilishwe. Madaktari wa Panzi nao walishiriki kujaribu MediCapt, programu ya kujazia cheti cha daktari kwenye simu na kukituma kikiwa kimefungwa. Ujuzi upo hapa hapa nyumbani. Kinachokosekana ni kuufanya kuwa kazi ya kila siku ya ofisi ya serikali, badala ya kuwa mradi wa shirika fulani unaokufa siku pesa zinapoisha.

Tunaomba nini basi? Hatuombi jumba la kompyuta. Tumeona kompyuta za msaada zinavyomalizika: zinazinduliwa kwa hotuba na picha, umeme wa SNEL unakatika, miezi sita baadaye zimefunikwa kitambaa. Tunaomba namba. Siku ya kwanza mtoto anapofikishwa polisi, awe aliyeumizwa au anayeshitakiwa, apewe namba moja itakayomfuata kwenye kila mlango hadi mwisho. Mzazi apate namba hiyo kwa ujumbe wa simu. Kila dosie inapohama mkono, anayeipokea atume ujumbe mfupi, na mzazi au mlezi aarifiwe. Masaa 48 yakikaribia na mtoto bado yuko kwenye kashoo, simu ya juji wa watoto ilie. Mwezi ukiisha bila uchunguzi kufungwa, mkubwa wa parke aone namba hiyo juu ya orodha yake. Kazi hii haidai intaneti ya nguvu. Mtandao ule ule unaopeleka pesa za mama hadi vijijini unatosha kwa kuanzia.

Umri wa mtoto nao ungeandikwa siku ile ile, pamoja na namna ulivyojulikana. Hili si dogo. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2017 na 2018 ulionyesha kwamba watoto 40 tu kwa 100 walio chini ya miaka mitano ndio walioandikishwa kuzaliwa kwao. Wale wengine 60, siku watakaposhikwa, nani atasema kama wana miaka 13, 15 au 18? Kijana mrefu wa miaka 15 anatupwa pamoja na watu wazima kwa sababu tu ana ndevu mbili. Kadi ya chanjo, kitabu cha ubatizo, daftari la shule, ushuhuda wa mkunga: chochote kile kipigwe picha na kiwekwe ndani ya dosie mapema, kabla mtoto hajazeeka gerezani.

Sasa tuje kwenye hatari, maana tukinyamaza tutakuwa tunauza ndoto. Jina la mtoto aliyebakwa likitoka nje, limetoka. Kila siku tunaona kwenye makundi ya WhatsApp picha za watoto, majina yao, hata mtaa wanapokaa, zikisambazwa na watu wanaosema wanatetea haki. Sisi waandishi wa habari nasi hatuna mikono safi hapa. Wenzetu wameonyesha nyuso ambazo hazikupaswa kuonekana. Rejista ya simu isiyofungwa vizuri itafanya ubaya huo mara elfu. Kwa hiyo namba itembee, jina libaki. Ujumbe unaokwenda kwa mzazi usitaje kosa wala jina la mtoto, kwa sababu simu ya nyumbani inashikwa na wengi, na mara nyingine mtuhumiwa ni mjomba anayelala chumba cha pili. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Itumike hapa kwanza, kabla ya mahali pengine popote.

Na kuna vita. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na katikati ya mwezi wa pili Kavumu na Bukavu zikafuata. Wafungwa wa Munzenze na wa gereza kuu la Bukavu walitoka. Mahakama zilisimama, majuji wengi wakakimbia. Tusiingie katika siasa. Tuulize swali la dosie tu. Nani leo anaweza kuchapisha orodha ya watu waliokuwa wamefungwa kwa kubaka watoto, na kesi ambazo zilikuwa zimebaki wiki moja zihukumiwe? Mwaka 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakaambiwa waondoke, kila mmoja alibeba mtoto na godoro. Hakuna aliyebeba rejista ya grefye. Karatasi haikimbii. Nakala iliyofungwa kwa neno la siri na kuwekwa mbali na vita ingewawezesha majuji kuendelea mahali pengine siku hali ikiruhusu. Lakini nakala hiyo hiyo, ikiangukia mikononi mwa mwenye silaha ikiwa na majina ya mashahidi, ni hukumu ya kifo kwa familia. Ndiyo maana tunarudia: majina yawekwe kando, na funguo zisikae mahali pamoja na dosie.

Watakaopinga hawatasema wanapinga. Watasema hakuna umeme, hakuna bajeti, grefye hawajafundishwa. Mengine ni kweli. Ila kila anayepita kwenye korido za ofisi hizi anajua kwamba dosie nyingi hazipotei zenyewe. Familia inaombwa pesa ya karatasi, pesa ya moto ya OPJ kwenda kumshika mtuhumiwa, pesa ya fotokopi, na anayetoa zaidi ndiye anayeamua kama dosie itatembea au italala. Siku mama wa Kabare atakapoonyesha kwenye simu yake kwamba dosie ilifika ofisi fulani tarehe fulani na haijatoka, soko hilo litaharibika. Tunaelewa kwa nini wengine hawana haraka.

Wizara ya sheria na baraza kuu la majuji haziwezi kuanza kila mahali, na hatuwaombi hivyo. Wachague tribinali mbili za watoto zinazofanya kazi leo, kwa mfano Bunia na Kisangani, pamoja na parke na polisi wanaozihudumia. Wape namba kila mtoto anayefikishwa huko kwa mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka watangaze bila majina: kesi ngapi zimeingia, ngapi zimehukumiwa ndani ya miezi 3, ngapi zimelala na kwenye meza gani. Sisi tutachapisha hesabu hiyo kwenye ukurasa huu, iwe nzuri au mbaya.