Sukari Inayokuja na Mimba

Mtoto akizaliwa na ratili tisa au kumi, nyumba nzima hushangilia. Jirani huja kumtazama, na bibi yake humfunika asije akapatwa na jicho. Wazee wetu waliuhesabu unene kuwa ni alama ya shibe ya mama, na mara nyingi ndivyo ulivyo. Lakini wako watoto ambao unene wao hautokani na afya. Umetokana na sukari iliyozidi katika damu ya mama miezi ya mwisho ya mimba, naye mama asijue.

Yafaa tufahamu jinsi jambo hili linavyokuwa. Kongosho la mtu hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho kazi yake ni kuitoa sukari katika damu na kuipeleka viungoni. Mwanamke akiwa mja mzito, kondo la nyuma hutoa vitu vinavyoipunguza insulini ile nguvu zake, ili mtoto apate riziki yake. Hayo ni maumbile wala si maradhi. Wengi wa wanawake kongosho lao huongeza kazi, mambo yakaenda sawa. Wengine kongosho hulemewa, na sukari ikapanda, khasa mimba inapoupita mwezi wa tano.

Sasa sukari ya mama hupenya kondo ikamfikia mtoto, lakini insulini ya mama haipenyi. Basi mtoto hulazimika kutoa insulini yake mwenyewe kwa wingi, nayo ndiyo imnenepeshayo. Tabibu wa Denmark, Jørgen Pedersen, aliyaeleza haya tangu miaka ya 1950. Na mwaka 2008 ulitolewa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 23,000 wa nchi 9, ukaonyesha kwamba kila sukari ya mama inavyozidi ndivyo madhara yanavyozidi.

Madhara yenyewe ni haya. Kichwa cha mtoto hutoka, mabega yakakwama; hapo huwa khatari kwa wote wawili. Mama huweza kupandwa na shindikizo la damu likaishia katika kifafa cha mimba, au akahitaji kupasuliwa. Na kitovu kikisha kukatwa, sukari ya mama imekatika, na insulini ya mtoto ingali nyingi: sukari yake ikashuka ghafula. Atalegea, hataki kunyonya, pengine atetemeke, na watu waseme, "Mtoto huyu mpole!" Si upole huo. Mtoto huyu anyonyeshwe katika saa ya kwanza, na sukari yake ipimwe.

Maradhi haya kwa kawaida hayana dalili, kwa hiyo asingoje mtu kuumwa. Kipimo chake ni baina ya wiki ya 24 na ya 28: mama huenda hajala kitu, hutolewa damu, hunyweshwa gramu 75 za glukosi katika maji, kisha hupimwa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Aliyepata kuzaa mtoto mkubwa sana, au mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, na apimwe mapema zaidi. Enyi waume, nauli ya kwenda kupimwa msiifanye ni jambo la kuahirisha mpaka mwisho wa mwezi.

Akionekana nayo, asijinyime chakula. Apunguze chai ya sukari, soda, mahamri na kaimati. Wali uwe kidogo, samaki, kunde na mchicha viwe vingi. Na baada ya kula atembee. Kuna wasemao asali haidhuru kwa kuwa ni shifa. Sisi tunaosomesha Kurani hatuukanushi utukufu wa asali, lakini shifa haina maana ya kila mgonjwa kuinywa bila ya kiasi. Asali hupandisha sukari, na tende vivyo hivyo. Wengi hutengemaa kwa chakula tu. Asiyetengemaa hupewa sindano ya insulini, na hapana haja ya kuiogopea mtoto, maana tumekwisha kusema kwamba insulini haipenyi kondo.

Ama Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa, na mja mzito ana ruhusa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, akijikhofia nafsi yake hula na kulipa siku zile. Akimkhofia mtoto peke yake hulipa, na kwa kila siku hutoa kibaba cha chakula. Khasa mwenye sindano asifunge kabla ya kuonana na tabibu, kwani sukari yaweza kumshuka mchana, kisha ikaruka kwa futari.

Kondo likitoka, sukari mara nyingi hurudi mahali pake, na hapo ndipo watu husahau. Mama huyu khatari yake ya kupata kisukari cha kudumu hukaribia mara kumi ya mwenziwe. Apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha kila mwaka mmoja hadi mitatu. Na khabari hii iandikwe katika kadi yake ya kliniki, ili mimba ijayo apimwe tangu mwanzo.