Kuhama Simu na Kuhama Ramani

Nyumba za Ediofe hazina nambari. Mgeni aendaye huko huelekezwa kwa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, au kwa shule ya wasichana, kisha kwa mwembe, kisha kwa duka lenye mlango wa buluu. Na ikiwa mlango huo umepakwa rangi nyingine tangu mwelekezaji apite mara ya mwisho, mgeni hana budi kuuliza tena njiani. Mchana jambo hilo halina dhara kubwa. Usiku, mama mjamzito anaposhikwa na uchungu, na dereva amesimama penye kanisa akipiga simu na kuuliza, "Mama, nipite wapi sasa?", dakika ishirini za kutafuta mlango ni dakika nyingi mno.

Ndiyo sababu jamaa nyingi za Arua, hasa zile ambazo baba ni askari aliye katika kituo cha mbali, zimezoea kutia alama ya nyumba yao katika ramani ya simu ya mkononi. Alama hiyo hupelekewa dereva, au shemeji, au kijana wa bodaboda, naye huifuata mpaka mlangoni. Mambo huenda vizuri hadi siku simu inapobadilishwa.

Tuseme mke wa askari polisi, mkazi wa Ediofe, ambaye mumewe amehamishiwa Koboko, ametumia kwa miaka minne simu ya Tecno yenye mfumo wa Android. Kaka yake aliyeko Kampala anamletea iPhone iliyokwisha kutumika. Ni zawadi nzuri. Lakini anapoifungua anakuta ramani nyingine, yenye rangi nyingine, na alama zake zote hazimo: nyumba yake, zahanati, kwa mama mkwe kule Maracha, na mahali pa kushukia basi Koboko. Mara moja huuliza swali waulizalo watu wote, yaani programu ipi ya ramani iliyo bora. Swali hilo si baya, ila limetanguliwa na mengine yaliyo mazito zaidi. Je, ramani hiyo itafanya kazi pasipo mtandao? Je, njia za kwao zimechorwa ndani yake? Na je, alama atakazozitia leo zitaweza kutoka siku atakapohama tena?

Kwanza yafaa ieleweke jinsi simu inavyojua ilipo, maana wengi hudhani kwamba bando likiisha simu hupotea pamoja na mwenyewe. Sivyo. Setilaiti za GPS, ambazo ni mali ya serikali ya Marekani, huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, nazo hutoa ishara usiku na mchana bila malipo. Simu ikipata ishara za setilaiti nne yaweza kukadiria mahali ilipo kwa kosa la mita chache. Hadi Mei 2000 Marekani iliziharibu kwa makusudi ishara zitumiwazo na raia, hata kosa likafikia kama mita 100. Tangu hapo uharibifu huo ulikoma, na simu za siku hizi hupokea pia ishara za setilaiti za Urusi, za Ulaya na za China. Linalohitaji intaneti ni ile picha ya ramani yenyewe, pamoja na majina na barabara zake, ikiwa haikupakuliwa mapema. Simu isiyo na mtandao huchelewa kidogo tu kujitambua mara ya kwanza; mwenye simu asimame uwanjani, si chini ya mabati, asubiri dakika kadhaa.

Kwa hiyo mke wa askari anapozilinganisha programu, na aanze kwa kuzima data kabisa. Hapo tofauti huonekana upesi.

Google Maps, aliyoizoea katika simu ya zamani, hupatikana pia katika iPhone tangu Desemba 2012. Akiingia kwa akaunti ile ile, mahali alipopahifadhi patatokea tena. Ramani alizozipakua hazitokei: hizo hukaa ndani ya simu, hivyo yampasa kuzipakua upya, tena ni heri afanye hivyo kabla hajaondoka nyumbani. Kadhalika ajue kwamba pasipo intaneti programu hiyo huongoza gari tu, wala haimwongozi mtu aendaye kwa miguu. Kwa mtu wa Ediofe hilo ni pungufu kubwa, maana sehemu ya mwisho ya safari aghalabu ni kichochoro kisichopitika kwa gari.

Apple Maps, inayokuja ndani ya iPhone, ilianza vibaya. Ilitolewa Septemba 2012, na kabla mwezi haujaisha mkuu wa kampuni, Tim Cook, aliwaomba radhi wateja kwa barua na kuwashauri watumie ramani za wengine wakati kasoro zikirekebishwa. Mwezi Desemba mwaka huo polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walitoa onyo kwa madereva. Watu waliokuwa wakienda mji wa Mildura walikuwa wamepelekwa na ramani hiyo katikati ya mbuga ya Murray-Sunset, kiasi cha kilomita 70 kutoka mjini, mahali pasipo maji na ambapo joto laweza kufika nyuzi 46. Baadhi yao walikaa huko hata saa 24 bila chakula wala maji, na wengine walitembea mwendo mrefu wakitafuta mahali pa kushika mtandao. Polisi hao hawakungoja mtu afe. Walichukua simu wakaijaribu wenyewe, wakakuta kosa ni la kweli.

Tangu wakati huo ramani hiyo imeboreshwa sana. Hata hivyo, uwezo wa kupakua ramani na kuitumia pasipo mtandao ulifika Septemba 2023 tu, pamoja na mfumo wa iOS 17, na mfumo huo hauingii katika iPhone 8 wala iPhone X, wala zile zilizozitangulia. Simu zinazoletwa kama zawadi mara nyingi ni za umri huo. Basi zawadi ikiwa ni iPhone 7, ramani yake ya asili haitamfaa mtu penye mtandao hafifu, hata ikiwa nzuri namna gani.

Waze, iliyoanzishwa Israeli na kununuliwa na Google mwaka 2013, hutegemea madereva wengi walio barabarani wakati mmoja, kila mmoja akiwa na intaneti. Ni chombo cha foleni za Kampala. Baina ya Arua na Koboko hakuna foleni inayostahili bando lake.

Zimebaki programu ambazo hazivumi sana, nazo pengine ndizo zilizo bora kwa upande wa West Nile: Organic Maps, iliyoanza mwaka 2021, na OsmAnd, iliyo kongwe zaidi. Zote mbili hupatikana katika Android na katika iPhone, na zote hutumia OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo huchorwa na watu wa kujitolea. Ukubwa wa kampuni hausemi lolote hapa. La kutazama ni nani aliyechora njia za huku. Baada ya wakimbizi wa Sudan Kusini kumiminika, na kambi ya Bidibidi kufunguliwa Yumbe mwezi Agosti 2016, na ile ya Imvepi mwaka 2017, wachoraji wa ramani za misaada walishirikiana na wakimbizi na wenyeji kutia visima, shule, zahanati na vijia vya miguu. Kwa sababu hiyo yapo maeneo ya vijijini West Nile ambayo OpenStreetMap huyaonyesha kwa wingi wa mambo kuliko mtu angalivyodhani. Tena programu hizi humwongoza mtu wa miguu pasipo intaneti, na alama zake hutoka zote kwa pamoja katika faili moja linaloweza kupelekwa kwenye simu ya namna nyingine. Kasoro yao ni maduka na ofisi: Google huyajua mengi zaidi. Haidhuru mtu akiwa na mbili.

Jaribio lenyewe si gumu. Simu mbili ziwekwe mezani bega kwa bega, ya zamani na mpya, data imezimwa, kisha itafutwe safari ya kutoka Ediofe hadi Koboko. Barabara kuu ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, na programu yoyote yenye akili yapaswa kuijua. Baada ya hapo utafutwe mlango wa nyumba, kisha zahanati, na vijia vya jirani ambavyo familia hupita kila siku. Programu isiyovijua isitegemewe usiku.

Majina nayo yana mitego. Aru iko Kongo, Arua iko Uganda, na zimeachana kwa herufi moja na mwendo mfupi wa gari; mwenye haraka aweza kuelekezwa mpakani bila kujua. Kaya ya Sudan Kusini, iliyo ng'ambo ya Oraba, ina jina moja na mji wa Burkina Faso. Mtafutaji wa Moyo, tusiseme. Kadhalika wilaya zimegawanyika: Koboko ilitoka Arua mwaka 2005, Madi-Okollo mwaka 2019, Terego mwaka 2020, na Arua yenyewe ikawa jiji Julai 2020. Anayetafuta kijiji kwa jina la wilaya ya zamani huenda asikipate, au akapata kingine kilicho mbali. Na kwa kuwa simu iliyo karibu na mpaka yaweza kushika mnara wa ng'ambo, ambako bando la Uganda halifanyi kazi, jamaa ya Koboko ipakue pia ramani za Kongo na Sudan Kusini. La sivyo upande wa pili wa mstari utabaki mweupe kana kwamba hakuna watu.

Lakini hata baada ya kuchagua vema, hakuna programu ya milele. Wako wanaozikumbuka simu za Nokia aina ya Lumia, ambazo ramani yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufanya kazi vizuri bila mtandao. Mwaka 2015 Nokia ilikiuza kitengo hicho cha ramani, kiitwacho HERE, kwa Audi, BMW na Daimler, na mwaka 2016 HERE iliziacha simu za Windows. Halikadhalika, simu mpya za Huawei zilizotoka tangu mwishoni mwa 2019 hazikuruhusiwa kuwa na huduma za Google, kwa sababu ya amri ya Marekani, na kampuni hiyo ikaanzisha ramani yake, Petal Maps, mwaka 2020. Mwenye simu hakuwa na kosa lolote katika ugomvi huo.

Kilicho mali ya familia kweli kweli ni nambari mbili: latitudo na longitudo. Kidole kikibonyezwa kwenye ramani kwa muda, programu nyingi huzionyesha nambari hizo, na programu yoyote, katika simu yoyote, huzipokea. Mji wa Arua uko karibu na 3.02, 30.91. Nambari mbili baada ya nukta hazitoshi, kwa maana huacha nafasi ya zaidi ya kilomita moja; tatu huacha kama mita 110; tano hufika kiasi cha mita moja, yaani mlangoni. Tena latitudo hutangulia daima. Mtu akizigeuza nambari za Arua, atapelekwa katika jangwa la Sahara, nchini Algeria. Nambari za nyumba, za zahanati na za mahali pa kushukia basi ziandikwe kwa wino katika daftari linalokaa pamoja na kadi ya kliniki, ili hata jirani mwenye simu ya aina nyingine aweze kumsomea dereva.

Kambi haiandikwi. Mnamo Januari 2018 ramani iliyotangazwa na Strava, programu ya wakimbiaji wa mazoezi, iliweka wazi mistari ya askari waliokuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao katika nchi mbalimbali. Kambi zilizokuwa gizani zikang'aa kama mji. Agosti mwaka huo wizara ya ulinzi ya Marekani ilikataza matumizi ya vyombo vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni. Mke amtakiaye mema mumewe asimtake awashe huduma ya kuonyeshana mahali wakati wote akiwa kazini, hata kwa mapenzi. Salamu za jioni zatosha.

Simu ya zamani nayo ina kumbukumbu ya mahali iliposhinda na ilipolala. Kabla ya kupewa mdogo wake au kuuzwa sokoni Arua, itolewe katika akaunti na kufutwa kabisa, lakini baada ya alama kuhamishwa na kujaribiwa katika simu mpya, si kabla. Kuhusu hiyo mpya, kaka aliyeko Kampala aulizwe mapema kama mwenye simu wa kwanza amekwisha kuiondoa katika akaunti yake. Asipofanya hivyo, siku itakapofutwa itadai neno la siri la mtu ambaye pengine hajulikani hata jina, na haitafunguka tena.