Programu Nayo Ina Boriti Zake

Mwandishi aliyedai kwamba usanifu ni wa majengo tu, kwa kuwa jengo likisimama limesimama ilhali programu hurekebishwa wakati wowote, amekosea pande zote mbili.

Tuanze na majengo. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba uliamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, nazo haziwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Hapo hapana mjadala. Lakini mengine hubadilika: binti akiolewa, ghorofa huongezwa, nafasi ikibana, hujengwa wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Nani kasema jengo halibadiliki?

Sasa programu. Watunga programu wa awali waliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana kumbukumbu ya kompyuta, iliyokuwa ghali. Kuelekea 2000, benki na serikali zilitumia mabilioni ya dola kuhakikisha 00 haisomwi kama 1900. Kurekebisha sehemu moja ni kazi ya dakika. Kuzisaka zote zilikojificha ilikuwa kazi ya miaka.

Usanifu, kwa mwashi na kwa mtunga programu, ni kutambua mapema maamuzi yatakayokuwa magumu kutengua, kuyapima vizuri, na kuyaacha mengine wazi. Anayewashauri vijana waandike tu, watarekebisha mbele ya safari, awaambie pia nani atalipa bili.