Kikohozi cha fundi rangi: Chunguza bunduki yako na kopo lako

Kazi ya kupuliza rangi imetoka kwenye gereji kubwa na kuingia mitaani. Siku hizi kompresa ndogo na bunduki ya rangi vinauzwa kwenye maduka mengi ya vifaa, na kijana mwenye mtaji mdogo anaweza kupaka bajaji, geti au kabati la jikoni nyuma ya nyumba yao.

Hiyo ni ajira na si jambo la kubeza. Tatizo ni kwamba vifaa vimefika mtaani kabla ya elimu yake. Fundi anajua rangi ikiwa nzito itaacha madonge na ikiwa nyepesi itachuruzika. Ila mara nyingi hakuna aliyemweleza ule ukungu unaobaki hewani unaishia wapi.

Sehemu ya ukungu huo inaishia kifuani mwake. Nyingine inamfuata jirani na mtoto anayecheza hatua chache kutoka hapo. Ndiyo maana suala la bunduki ya rangi, ndugu msomaji, ni suala la afya hata kama wewe hujawahi kuishika.

Kilichomo ndani ya ukungu

Rangi si zote zina hatari sawa. Inayotia hofu zaidi ni ile ya makopo mawili, ambayo fundi huichanganya na hadina kabla ya kupuliza. Ndiyo inayolipa gari ung'avu na ugumu wa kioo.

Hadina nyingi za rangi hizo zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Mtu anaweza kuzivuta kwa miezi au miaka bila kuona shida. Kisha siku moja kinga ya mwili wake inazikataa. Kuanzia hapo, hata kiasi kidogo sana kinaweza kumbana kifua. Hiyo ndiyo pumu itokanayo na kazi.

Ubaya wake ni kwamba pua haikuonyi. Harufu kali unayoisikia ni ya thina, lakini isosayaneti zinaweza kufikia kiwango cha kudhuru bila wewe kunusa chochote. Kwa hiyo kusema "leo hainuki sana" si kipimo cha usalama.

Uingereza, mamlaka inayosimamia usalama kazini imekwishasema kuwa hatari ya fundi wa kupuliza rangi za magari kupata pumu ya kazini ni takriban mara 80 ya ile ya mfanyakazi wa kawaida. Hao ni mafundi wa nchi yenye vyumba maalumu vya kupulizia na wakaguzi wanaopita.

Umoja wa Ulaya nao umekaza kamba. Tangu Agosti 24, 2023, anayetumia kikazi bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali za kundi hili lazima awe amepata mafunzo kwanza. Walitambua kuwa kuandika onyo kwenye kopo peke yake hakutoshi.

Kwetu Tanzania sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini kwenye gereji bubu, mwajiri ni nani? Kijana anayejifunza kazi hana mkataba, na mwenye gereji mwenyewe anavuta ukungu uleule. Pengo hilo ndilo linalomfanya fundi na familia yake wawe wakaguzi wa kwanza.

Bunduki ipi ununue

Bunduki za zamani hupasua rangi kwa upepo wenye nguvu. Kazi inakwenda haraka, lakini mara nyingi zaidi ya nusu ya rangi hairudi kwenye bati. Inaruka hewani. Umeilipia fedha, halafu unaivuta.

Zipo bunduki za upepo mwingi wenye msukumo mdogo, ambazo kwenye boksi huandikwa HVLP. Msukumo wa upepo unaotoka kwenye kifuniko cha mbele hauzidi paundi 10 kwa inchi ya mraba. Zilipoanza kutakiwa katika jimbo la California, Marekani, kigezo kilikuwa angalau asilimia 65 ya rangi ifike kwenye kitu kinachopakwa. Ukungu unapungua na rangi inadumu zaidi kwenye kopo.

Hapa kuna mtego. Bunduki hii inakula upepo mwingi, na kompresa ndogo ya kujazia matairi huenda isiimudu. Upepo ukipungua, fundi huongeza msukumo au humimina thina zaidi, na ukungu uleule unarudi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji bunduki inahitaji upepo kiasi gani kwa dakika, kisha linganisha na kilichoandikwa kwenye kompresa yako.

Angalia pia tundu la mdomo. Kwa rangi ya juu na vanishi, milimita 1.3 hadi 1.4 huwafaa wengi. Praima nzito huhitaji tundu kubwa zaidi, kama milimita 1.7 au 1.8. Tundu lisilofaa ndilo linalomshawishi fundi kuongeza msukumo.

Nunua pamoja na geji ya kupima upepo kwenye mkono wa bunduki, na uhakikishe mipira yake haivuji. Na kama kazi ni geti au ukuta, jiulize kama unahitaji bunduki kweli. Brashi na rola havitoi ukungu wa namna hii.

Usichanganye bunduki hizi na mashine za kupaka kuta zinazosukuma rangi kwa pampu bila upepo. Zile zinaweza kufikia paundi 3,000. Rangi yake ikipenya kidoleni, kidonda huonekana kama tundu la sindano, kumbe ndani nyama inaharibika. Huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumii sana.

Barakoa na maziwa

Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wala isosayaneti. Barakoa ya hospitali ni hivyohivyo. Kwa rangi za kawaida zenye thina, fundi anahitaji barakoa ya mpira inayoshika uso vizuri, yenye vichujio vya mkaa pamoja na vya kuzuia chembe, vinavyobadilishwa kwa wakati. Ndevu huifanya ivuje pembeni.

Kwa rangi ya makopo mawili, kinga inayotakiwa ni kofia au barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba chenye feni ya kutoa ukungu nje. Hewa hiyo isichukuliwe moja kwa moja kutoka kompresa ya kawaida, kwani inaweza kubeba mvuke wa oili na hata hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi. Kama huna vifaa hivi, ushauri wa wazi ni mmoja: usipulize rangi hiyo. Tumia isiyo na isosayaneti, au peleka kazi kwa mwenye chumba.

Usivue barakoa mara tu unapomaliza. Ukungu mwembamba usioonekana hubaki hewani kwa muda baada ya bunduki kuzimwa.

Wengi hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanakwenda tumboni. Rangi iliyovutwa iko kwenye mapafu, na maziwa hayafiki huko. Kunawa mikono kwa thina nako kuacheni, kwani inakausha ngozi na sehemu yake hupenya mwilini. Tumia mafuta ya kula kidogo, kisha sabuni na maji.

Jambo jingine ni michezo ya vijana. Kumpulizia mwenzako upepo wa kompresa mdomoni, sikioni au makalioni kunaweza kupasua viungo vya ndani na kuua. Mzazi mwenye mtoto anayejifunza ufundi, mwambie hili bila kuona aibu.

Mzazi, angalia nyumbani

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa au cheche ya swichi, ukawaka. Hakuna kupuliza rangi karibu na jiko, wala kuvuta sigara.

Usihifadhi thina kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akiinywa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa kwa nguvu, kwa sababu akitapika inaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuna pia madini ya risasi, ambayo huwekwa kwenye baadhi ya rangi, hasa zenye wekundu, njano au chungwa kali. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto hudhuru ubongo unaokua. Unapoagiza kitanda cha mtoto kwa seremala, uliza rangi gani itatumika na utafute kopo linaloeleza kuwa haina risasi. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu mbele ya watoto. Lowesha kwanza.

Fundi abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Mjamzito asikae kwenye eneo la kupulizia.

Ukifika kwa daktari

Dalili za pumu ya kazini zinaweza kuanza saa kadhaa baada ya kazi. Kikohozi cha jioni, kifua kubana usiku, mluzi wakati wa kupumua, mafua na macho kuwasha. Kinachoitambulisha ni mpangilio wake: unaumwa siku za kazi, unapata nafuu ukipumzika au ukisafiri kwenda kijijini.

Daktari hawezi kuliona hilo kwa kukupima kifua peke yake. Mwambie, "Mimi ni fundi rangi, napuliza rangi yenye hadina." Nenda na picha ya kopo kwenye simu yako. Ukiona mchoro wa mtu mwenye nyota iliyopasuka kifuani, usiache kuutaja. Anaweza kukupa kifaa cha kupuliza ili mpime nguvu ya pumzi yako siku za kazi na siku za mapumziko.

Kutumia dawa ya kuvuta kisha kurudi kwenye ukungu uleule si tiba. Kadiri mtu anavyoacha mapema kukutana na kemikali hiyo, ndivyo anavyokuwa na nafasi kubwa ya kupona. Akichelewa, pumu inaweza kubaki hata baada ya kuacha kazi. Ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikibadilika rangi, usisubiri asubuhi.

Kwa aliyeajiriwa Tanzania Bara, ugonjwa utokanao na kazi ni suala la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mwajiri ana wajibu wa kujisajili na kuchangia, hivyo mtaarifu mapema na utunze vyeti vya hospitali.

Gari likiharibika rangi hupakwa upya. Mapafu hayana rangi ya kurudishia. Kabla hujapuliza kazi ya kesho, geuza kopo usome kilichoandikwa, na mwenye kikohozi cha jioni asikae nacho nyumbani.