Wengi Wape, Lakini Si Kila Kitu

Wahenga walisema wengi wape. Je, tuwape pia haki ya kuamua ubora wa mchezaji kandanda? Mwaka 2000, FIFA ilipomtafuta mchezaji bora wa karne, kura za intaneti zilimpa ushindi Maradona, ilhali jopo lilimteua Pelé. Pelé alicheza Kombe lake la mwisho la Dunia mwaka 1970; vijana waliopiga kura hawakuwahi kumshuhudia. Kura hupima mapenzi, na kipenda roho hula nyama mbichi.

Baadhi ya wenzetu hukimbilia takwimu. Hizo nazo zina kasoro zake. Mtazame Thierry Henry wa Arsenal. Msimu wa 2002/03 alifunga mabao 24 ya ligi na kutoa pasi 20 za mabao. Msimu uliofuata alifunga 30, na Arsenal ikatwaa ubingwa bila kushindwa katika mechi 38. Upi bora? Jibu hutegemea unachohesabu. Na Gilberto Silva, aliyeikinga ngome ya timu iyo hiyo, tumweke wapi katika jedwali la mabao? Hatari aliyoizima mapema haikuandikwa ubaoni.

Kwa maoni yangu, tukubaliane kwanza kuhusu kigezo, kisha tuhesabu, na kura ije mwisho. Pasipo utaratibu huo, tutazidi kuwavika taji wafungaji na kuwasahau wanaowawezesha kufunga. Hiyo si haki, na mchezo usio haki haufai kushangiliwa.